Padre Edward Catich: Fundi wa Vibao Aliyelisoma Jiwe la Roma



Ndugu msomaji, Jumapili ijayo ukifika kanisani mapema, kabla Misa haijaanza, angalia maandishi yaliyo karibu nawe. Huenda ni jiwe la msingi lililowekwa siku ya kutabaruku kanisa, au jina la padre marehemu kwenye kaburi lake pale nje, au kichwa cha ukurasa katika Misale. Chagua herufi moja kubwa, kwa mfano I au T. Mara nyingi utaona kwamba mstari wake haukatiki ghafla. Mwishoni una vijisehemu vidogo vilivyochomoza kushoto na kulia, kama nyayo ambazo herufi inazisimamia. Wataalamu wa maandishi huziita serifu.

Wengi wetu tumeziona nyayo hizo tangu darasa la kwanza bila kujiuliza zilitoka wapi. Yuko padre mmoja wa Marekani aliyejiuliza, na jibu lake likamchukua zaidi ya miaka thelathini. Aliitwa Edward Catich. Alikuwa mwalimu wa chuo, mtafiti na fundi wa mkono kwa wakati mmoja, na katika mambo hayo matatu hakuna aliloliacha ili apate nafasi ya jingine. Nimeamua kuwasimulia maisha yake kwa sababu ambayo nitaieleza mwishoni, maana inanihusu mimi mwenyewe.

Yatima aliyepewa brashi

Edward Catich alizaliwa mwaka 1906 huko Stevensville, mji mdogo katika jimbo la Montana, magharibi mwa Marekani. Akiwa bado mtoto alifiwa na wazazi, na pamoja na ndugu zake akapelekwa Mooseheart, kituo cha kulelea yatima kilichoko katika jimbo la Illinois, si mbali sana na jiji la Chicago.

Kituo kile hakikutosheka kuwapa watoto chakula na malazi. Kila kijana alitakiwa kutoka na ufundi mkononi, ili siku akifunga mlango nyuma yake awe na namna ya kujitafutia riziki. Catich alijifunza mambo mawili. La kwanza lilikuwa muziki, akawa mpiga tarumbeta hodari. La pili lilikuwa kuandika vibao na mabango ya biashara, kazi aliyofundishwa na fundi aliyeitwa Walter Heberling. Kijana alijifunza kuchanganya rangi, kupima nafasi kati ya herufi na herufi kwa jicho, na hasa kuitumia brashi bapa, ile yenye ncha iliyonyooka kama ukingo wa rula.

Alipomaliza shule alikwenda Chicago. Usiku alipiga tarumbeta katika bendi za muziki wa jazi, na mchana aliandika vibao vya maduka. Akapata pia nafasi ya kusoma katika chuo cha sanaa cha Art Institute of Chicago. Kwa macho ya watu wa wakati ule alikuwa kijana wa mjini anayejitahidi kama wengine, tena katika kazi isiyompa mtu heshima kubwa. Anayeandika jina la duka la nyama ukutani hakumbukwi. Rangi ikichakaa, anaitwa mwingine.

Mwaka 1931 Catich alijiunga na Chuo cha Mtakatifu Ambrosi mjini Davenport, katika jimbo la Iowa, kando ya mto Mississippi. Chuo hicho kilianzishwa na Jimbo Katoliki la Davenport mwaka 1882, na mwanzo wake ulikuwa seminari na shule. Catich hakuwa na mzazi wa kumlipia ada, hivyo alijisaidia kwa kuiongoza bendi ya chuo. Alipohitimu aliendelea na shahada ya uzamili katika sanaa kwenye Chuo Kikuu cha Iowa. Kisha mwaka 1935 akapelekwa Roma kujiandaa na upadre.

Mbele ya nguzo ya Traiano

Roma ni jiji la maandishi. Yako juu ya milango ya makanisa, kwenye makaburi ya mapapa, kwenye malango ya ushindi ya makaisari na ndani ya katakombe ambako Wakristo wa kwanza waliwaandikia wafu wao. Frateri Catich alitembea katikati ya maandishi hayo akiyatazama kama mtu wa kazi hiyo anavyoyatazama. Palipomvuta zaidi ni penye nguzo ya Kaisari Traiano.

Nguzo hiyo ni ya marumaru, na ilizinduliwa mwaka 113 kukumbuka ushindi wa Kaisari huyo katika vita vya Dakia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Romania. Ukiipandisha macho utaona picha za vita zikizunguka kuelekea juu kama utepe, na kileleni imesimama sanamu ya Mtakatifu Petro, iliyowekwa na Papa Sisto wa Tano mwaka 1587. Jambo hilo peke yake linatosha kwa tafakari, kwa kuwa mapokeo yanasema Mtakatifu Ignasi wa Antiokia aliuawa kwa ajili ya imani wakati wa utawala wa Traiano. Leo anayesimama juu ya nguzo ya Kaisari ni mvuvi wa Galilaya.

Catich, hata hivyo, hakuwa akitazama juu. Alitazama chini, kwenye msingi wa nguzo, juu ya mlango mdogo. Hapo pana bamba la marumaru lenye mistari sita ya maandishi ya Kilatini. Kwa karne nyingi walimu wa mwandiko na mafundi wa matbaa wameyahesabu maandishi hayo kuwa miongoni mwa mifano bora kabisa ya herufi kubwa za Kirumi. Mwaka 1906, mwaka uleule aliozaliwa Catich, Mwingereza Edward Johnston alitoa kitabu cha kufundishia mwandiko kilichoyafanya maandishi ya nguzo hiyo yajulikane zaidi kwa wanafunzi wa sanaa. Tangu hapo, aliyetaka kujua herufi nzuri ikoje alielekezwa kwa Traiano.

Shida ni kwamba wengi waliyatazama kutoka mbali. Walitumia picha, au nakala za plasta. Jumba la makumbusho la Victoria and Albert jijini London lina nakala ya plasta ya nguzo nzima, nayo iliwasaidia wengi ambao hawakufika Roma. Lakini nakala ni nakala. Plasta inaweza kuficha mkato mwembamba, na picha hubadilisha umbo la herufi kulingana na mahali jua lilipo. Watu walikuwa wakijadiliana juu ya jiwe ambalo wengi wao hawakuwahi kuligusa.

Swali la sababu

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Serifu zilitoka wapi? Jibu lililozoeleka lilikuwa patasi. Ilisemwa kwamba mchonga mawe, akifika mwisho wa mfereji wa herufi, alilazimika kuumalizia kwa mkato wa kukingama ili mwisho uwe safi na jiwe lisimeguke, na mkato huo ndio ukawa unyayo wa herufi. Ni maelezo yanayoeleweka upesi. Jiwe limekatwa kwa patasi, basi umbo la maandishi limetoka kwenye patasi.

Sisi tunaosoma Falsafa tunafundishwa kuwa waangalifu na neno sababu. Aristotle alitenganisha maada ambayo kitu kimetengenezwa kwayo, umbo lake, mtendaji aliyekifanya na lengo lililokusudiwa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino akaeleza zaidi namna chombo kinavyotenda kwa nguvu ya yule anayekitumia. Anayechanganya mambo haya hukimbilia kukiita sababu kile kilichogusa kitu mwisho. Patasi ndiyo iliyoligusa jiwe mwisho, na kwa sababu hiyo wengi hawakutafuta nyuma yake.

Catich aliuliza kama fundi. Patasi inaweza kukata umbo lolote, la mraba, la duara au la maua. Basi kwa nini katika herufi A mguu wa kushoto ni mwembamba na wa kulia ni mnene? Kwa nini O haikunenepa sawasawa pande zote, bali sehemu zake nyembamba zimeinama, moja juu kidogo upande wa kushoto na nyingine chini kidogo upande wa kulia? Patasi haina haja ya tofauti hizo, wala jiwe halizidai. Tena, herufi moja ikirudiwa mara kadhaa kwenye bamba hilo, hailingani kabisa na wenzake. Zinafanana kama ndugu, si kama matofali ya kalibu moja.

Yeye alikuwa ameziona tofauti hizo siku nyingi kabla hajafika Roma. Alikuwa akizifanya kwa mkono wake mwenyewe kila siku, juu ya ngazi, kwenye kuta za maduka ya Chicago. Brashi bapa ikivutwa kwa upana wake huacha mstari mnene. Ikivutwa kwa ukingo wake huacha mstari mwembamba. Ikishikwa kwa mshazari, O huinama yenyewe. Na mwandishi anapoanza mstari, brashi hugusa ukuta na kusogea kidogo upande kabla ya kushuka. Anapoumaliza, huizungusha katikati ya vidole ili mwisho ukae sawa. Pale mwanzoni na pale mwishoni ndipo unapozaliwa unyayo.

Hivyo kwa maoni yake walikuwapo watendaji wawili, au pengine mtu mmoja katika hatua mbili. Kwanza mwandishi hodari aliziandika herufi juu ya marumaru kwa brashi na rangi, kwa mkono huru na kwa kasi ya mtu aliyezoea. Baadaye patasi ikafuata alama hizo kwa utii na kuzifanya zidumu. Umbo lilitoka kwenye brashi, na patasi ikalihifadhi. Wapo waliokwisha kuhisi kwamba maandishi ya namna ile huenda yalichorwa kabla ya kuchongwa. Catich hakutaka kuishia kwenye kuhisi. Alitaka kuonyesha.

Miaka arobaini Davenport

Alipewa upadre mwaka 1938, akarudi Davenport, katika chuo kilekile kilichompokea akiwa kijana mpiga tarumbeta. Hapo akakaa hadi kufa, miaka ipatayo arobaini. Alianzisha idara ya sanaa na kuiongoza, akifundisha vizazi vya wanafunzi namna ya kuandika, kuchora na kupanga maandishi kwenye ukurasa. Leo kazi hiyo inaitwa usanifu wa michoro, na vijana huifanya kwa kompyuta. Yeye aliifundisha kwa kalamu, brashi na patasi.

Wakati huohuo hakuacha kutengeneza vitu. Alichonga maandishi kwenye mawe ya sleti, alichora picha za rangi na alifanya sanaa kwa ajili ya liturujia. Kila kazi ilikuwa pia mtihani wa hoja yake. Aliyesema kwamba brashi ndiyo iliyozaa herufi za Kirumi alipaswa kuishika brashi hiyo mbele ya watu na kuzizaa herufi zilezile. Aliweza. Na aliyesema kwamba patasi haikulazimisha umbo alipaswa kuijua patasi. Aliijua.

Utafiti nao uliendelea. Alirudi Roma, akapata kulifikia bamba lenyewe, akazipima herufi moja moja na kuchukua nakala kwa kusugua. Njia hiyo ni rahisi kueleza na ngumu kufanya: karatasi hulazwa juu ya jiwe na kusuguliwa kwa uangalifu, na kila mkato hujitokeza kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi. Mwaka 1961 alitoa kazi yenye herufi za Traiano zilizochorwa upya kutokana na jiwe lenyewe. Mwaka 1968 akatoa kitabu chake kikuu juu ya asili ya serifu, kilichokusanya hoja zake zote. Alivitoa kupitia matbaa yake ndogo aliyoipa jina la samaki, Catfish Press, kwa kuchezea jina lake mwenyewe.

Tusimfanye malaika. Katika mabishano ya kitaaluma Padre Catich hakuwa na maneno laini. Aliwakosoa vikali waliojenga nadharia kubwa juu ya picha na plasta, na wapo waliomwona mkali kupita kiasi. Pia si kila mtaalamu amekubali kila kipengele cha maelezo yake. Bado wanajadiliana ni kiasi gani mchongaji mwenyewe alichangia katika umbo la mwisho. Lakini tangu kitabu kile, anayetaka kueleza asili ya herufi hizo bila kuitaja brashi ana kazi kubwa mbele yake.

Alifariki mwezi Aprili mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka sabini na kitu. Ukumbi wa maonyesho ya sanaa katika chuo chake ulipewa jina lake.

Mbegu zilizoota mbali

Kazi yake haikubaki Davenport. Katika chuo cha Reed kilichoko Oregon, walimu wa mwandiko Lloyd Reynolds na Robert Palladino walinufaika na mafundisho yake. Palladino, aliyewahi kuwa mmonaki Mtrapisti, ndiye aliyekuwa akifundisha pale kijana Steve Jobs alipoingia darasani, akiwa amekwisha kuacha masomo rasmi. Miaka kadhaa baadaye Jobs alieleza mbele ya watu kwamba darasa hilo ndilo lililomfanya ajali uzuri wa herufi katika kompyuta ya Macintosh, iliyotoka mwaka 1984.

Na mwaka 1989, miaka kumi baada ya kifo cha Catich, kampuni ya Adobe ilitoa aina ya herufi iitwayo Trajan, iliyosanifiwa na Carol Twombly kutokana na maandishi ya bamba lilelile. Wengi mmeiona bila kuijua jina. Imetumika kwenye mabango mengi ya filamu, Titanic ikiwa mojawapo, na kwenye majalada ya vitabu vya dini. Ukikuta kadi ya upadrisho yenye herufi kubwa za heshima zenye nyayo ndogo, huenda unazitazama herufi hizo.

Kwa nini nimeandika haya

Nilisema sababu yangu nitaieleza mwishoni. Kabla sijaingia seminari nilifanya kazi na mjomba wangu, fundi wa kuandika vibao. Tuliandika saluni, maduka ya dawa, nauli za stendi, na majina ya watu kwenye misalaba ya makaburi. Nilipoingia malezi niliona kwamba hayo yamekwisha. Wenzangu wengi walitoka shule nzuri, na mimi nilitoka na madoa ya rangi kwenye kucha. Mtu akiniuliza nilikuwa nafanya nini, nilijibu kwa kifupi na kubadilisha mazungumzo. Hata nilipoombwa kuandika bango la sikukuu ya somo wa seminari, nilisema sina muda, nina mtihani wa Metafizikia. Mtihani ulikuwepo kweli. Lakini sababu haikuwa mtihani.

Nilipolisoma jina la Catich kwa mara ya kwanza nilikuwa natafuta jambo jingine kabisa. Kilichonisimamisha ni kwamba jambo ambalo wasomi wenye vitabu vingi hawakuliona, alilitambua yatima aliyefundishwa kuandika vibao. Hakuligundua licha ya kazi yake ya zamani. Aliligundua kwa sababu ya kazi hiyo. Kama angeona haya, akaificha brashi yake Chicago na kwenda Roma kama mtu asiye na historia, angesimama mbele ya nguzo ile na kuona walichokiona wengine wote.

Mafundisho ya Kanisa yanatuambia kwamba neema haiharibu maumbile bali huyakamilisha. Nilikuwa nimeyajibu maneno hayo vizuri kwenye karatasi ya mtihani. Sikuwa nimeyaelewa kuhusu vidole vyangu. Mungu anapomwita mtu hamwiti nusu. Humwita pamoja na shamba alilolima, cherehani aliyoshona nayo, ng'ombe aliochunga, na ngazi aliyopanda akiwa na kopo la rangi mkononi.

Nanyi waumini wa parokia, mnapomtuma kijana wenu seminari, msimwambie asahau alikotoka. Fundi seremala wa kwaya yenu, mama anayedarizi vitambaa vya altare, kijana anayetengeneza matangazo ya jumuiya kwenye simu yake, kila mmoja ana kitu anachokijua kwa mkono ambacho mwenye vitabu hawezi kukijua kwa macho tu. Muulizeni. Na sisi mafrateri tuulize kwanza, kabla ya kufundisha.

Mwaka huu sikukuu ya somo wetu ikikaribia, bango nitaliandika mimi. Nimemwomba mjomba anitumie brashi yangu ya zamani, ile bapa, na amesema bado anaitunza. Mkifika siku hiyo, litazameni kwa karibu. Na mkiona O zimeinama kidogo, mtajua ni kwa nini.

Raha ya milele umpe Padre Edward, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.